Barua ya Wazi kuhusu Mabanda ya Kupumzikia katika Vilima vya Haneti

Kwa Mwenyekiti na Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Chamwino. Kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Na kwa Halmashauri za Vijiji vya Kata ya Haneti.



Kila linapojadiliwa suala la kufungua njia ya matembezi ya asili, yaani njia ya miguu inayotengwa ili watu waone mimea, ndege, miamba na historia ya eneo bila kuingia na gari, mawazo na fedha huelekea kwanza kwenye lango, bango na maegesho, na banda la kupumzikia huachwa hadi mwisho, lijengwe kwa salio la bajeti na kwa mchoro uliokopwa mahali pengine. Barua hii inatolewa mapema, kabla ramani haijachorwa na kabla mzabuni hajatafutwa, kwa hoja kwamba katika vilima vya Haneti utaratibu huo unapaswa kugeuzwa. Mahali ambapo mvua hunyesha kwa takriban miezi mitano na kivuli huadimika kwa miezi saba, banda ndilo linaloamua kama njia itatembewa au itaachwa iote majani. Hoja ya pili, ambayo ndiyo nzito zaidi, ni kwamba banda la mbao halistahili kuitwa endelevu kwa sababu tu limejengwa kwa mti. Linastahili jina hilo pale ambapo mafundi wa kijiji wanaweza kulitengeneza tena kwa mti uliokua katika eneo lao, kwa zana walizonazo, bila kusubiri mfadhili arudi.

Haneti iko kaskazini mwa Jiji la Dodoma, katika uwanda wa juu wa kati wa Tanzania, ambako mvua ya mwaka kwa kawaida ni kati ya milimita 500 na 600, nayo hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha ardhi hukauka, nyasi hugeuka rangi na upepo wenye vumbi huvuma kutoka mashariki na kusini-mashariki. Hali hii ina faida moja kwa mjenzi wa mbao na hasara kadhaa. Faida ni kwamba kuvu waozeshao mbao huhitaji unyevu, na mti ambao unyevu wake uko chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu hauozi. Kwa hiyo banda la Haneti likikingwa vizuri dhidi ya mvua ya masika halina adui huyo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hasara ni jua, ambalo hupasua mbao na kuzitoa rangi, moto wa nyasi wa kiangazi, na mchwa, ambaye hana msimu.

Swali la kwanza la usanifu, hata hivyo, halihusu mbao bali mahali. Kuna mazoea ya kugawa mabanda kwa rula juu ya ramani, moja kila baada ya kilomita mbili, kana kwamba mtembeaji huchoka kwa vipimo. Njia ya milimani inapaswa kutembewa kwanza na watu wa rika mbalimbali, mchana wa Septemba au Oktoba, na mahali wanaposimama wenyewe bila kuambiwa ndipo paandikwe. Mara nyingi watasimama chini ya mti, na hapo inafaa kuuliza kama banda linahitajika kabisa. Mkwaju uliokomaa hubaki na majani kwa sehemu kubwa ya kiangazi na hutoa kivuli kizito ambacho hakuna fundi awezaye kukishinda. Chini yake benchi mbili na ukingo wa mawe wa kuzuia mmomonyoko vinatosha. Mbuyu ni habari nyingine. Ni mti unaopendwa na wapiga picha, na kila mchoro wa utalii wa Dodoma huweka benchi chini yake, lakini mbuyu hupukutisha majani yake na kusimama mtupu kwa miezi mingi ya kiangazi, wakati uleule ambao watembeaji huwa wengi na jua huwa kali. Benchi chini ya mbuyu ni pambo. Banda la kweli lijengwe pale ambapo mteremko ni mkali, mti wenye kivuli haupo, na mtembeaji hana hiari ila kupumzika, na ni afadhali mabanda matatu yaliyojengwa vizuri kuliko tisa ambayo hayatatunzwa.

Baada ya mahali huja mwelekeo, jambo ambalo halimgharimu mtu chochote na bado hukosewa kila mara. Haneti iko kati ya nyuzi 5 na 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri halikai upande mmoja mwaka mzima. Mwezi Juni huwa limeinama karibu nyuzi 29 kuelekea kaskazini, mwanzoni mwa Oktoba hupita juu ya utosi, na Desemba huwa limeinama karibu nyuzi 18 kuelekea kusini. Kwa kuwa msimu wa kutembea ni kiangazi, upande wa kuogopwa zaidi wakati wa adhuhuri ni wa kaskazini, tofauti na vitabu vya usanifu vilivyoandikwa Ulaya, ambavyo humwonya msomaji dhidi ya upande wa kusini. Banda liwe na umbo la mstatili, urefu wake ukielekea mashariki na magharibi, na ukingo wa paa uliojitokeza nje ya nguzo upande wa kaskazini uwe mrefu kuliko wa kusini. Ukingo wa mita 1 hukinga ukuta wazi hadi karibu mita 1.8 chini yake katika adhuhuri ya Juni, kiasi kinachotosha kumfunika mtu aliyeketi. Lakini ukingo huohuo hausaidii kitu alasiri. Jua linapobakiza saa mbili kuzama huwa na kimo cha nyuzi 30 hivi, na ukingo wa mita 1 hapo hukinga chini ya sentimita 60 tu, ndiyo maana mabanda mengi ya barabarani hujaa watu saa tano asubuhi na kukimbiwa saa kumi jioni. Upande wa magharibi unahitaji kizuizi chenyewe, nacho si lazima kiwe ukuta: wavu wa fito zilizosimamishwa wima, zikiachiana nafasi ya vidole viwili, huvunja mwanga na kupitisha hewa. Upande wa mashariki, unakotoka upepo wa vumbi, ukuta wa mawe unaofika kifuani kwa mtu aliyeketi unatosha, na mawe ya kuujengea hayahitaji lori katika nchi ya vilima vya matale.

Kuhusu paa, historia ya ujenzi wa eneo hili ina mafundisho ambayo hayapaswi kupuuzwa wala kutukuzwa kupita kiasi. Tembe ya Wagogo, nyumba ya mstatili yenye paa bapa la udongo lililobebwa na nguzo za panda, mihimili na fito, mara nyingi ikizunguka ua wa mifugo, ilikuwa jibu la busara kwa nchi yenye mvua chache na jua jingi: udongo mzito wa paa hupokea joto polepole mchana na kuliachia usiku, na ndani hubaki na ubaridi hata nje pakiwaka. Nyumba za namna hiyo zilienea hadi magharibi mwa nchi, na tembe ya Kwihara karibu na Tabora, ambamo David Livingstone na Henry Morton Stanley waliishi kwa muda, imehifadhiwa hadi leo kama makumbusho. Katika operesheni za vijiji za miaka ya 1970, tembe ilihesabiwa kuwa alama ya maisha duni, na nafasi yake ikachukuliwa taratibu na nyumba ya bati, ambayo huwa na joto la kuumiza mchana na kelele za kuziba masikio mvua inyeshapo. Si ajabu, basi, kwamba leo msanifu yeyote anayetaka jengo la Dodoma lionekane la Dodoma hukimbilia kuchora tembe.

Hesabu, hata hivyo, inamtaka asimame kidogo. Banda la mita 4 kwa 6 lina paa la mita za mraba 24. Likifunikwa kwa udongo wa unene wa sentimita 10 tu, juu ya vichwa vya watu kutakuwa na mita za ujazo 2.4 za udongo, yaani karibu tani 4 ukiwa mkavu, na zaidi ukilowana. Mzigo huo unataka nguzo nyingi, mihimili minene na fito zilizobanana, na hapo ndipo tembe, pamoja na sifa zake zote, inapokuwa mlaji mkubwa wa miti. Ilifaa pale watu walipokuwa wachache na msitu mkubwa. Katika mkoa ambao sasa una watu zaidi ya milioni 3, wengi wao wakipika kwa kuni na mkaa, kujenga paa la udongo kwa ajili ya mapumziko ya watalii ni kutumia msitu kuusifia msitu. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka kwenye tembe ni kimo chake cha chini, kivuli chake kizito na nguzo zake za panda. Paa lake liachwe kwenye makumbusho.

Paa la makuti nalo halina hoja hapa. Minazi haioti Haneti, makuti husafirishwa kutoka pwani, huzeeka baada ya miaka michache na hushika moto kwa cheche moja. Kuonekana kwake katika hoteli za bara ni mtindo wa biashara na hakuhusiani na mahali. Vilevile paa lenye pembe kali linaloshuka hadi karibu na ardhi, ambalo Watanzania wengi hulijua kwa picha za vibanda vya mbao vya Mandara na Horombo katika njia ya Marangu mlimani Kilimanjaro, vilivyojengwa kwa msaada wa Norway, linafaa kwa baridi na mvua za mlimani. Likiletwa uwanda wa kati litakusanya joto kileleni na kuwanyima watu upepo.

Pendekezo la barua hii ni paa la tabaka mbili. Tabaka la juu liwe bati lenye mteremko wa wastani, lililopigiliwa juu ya papi, yaani mbao nyembamba zinazolala juu ya kenchi, na lifungwe barabara kwa sababu upepo wa Agosti hunyanyua bati lililolegea. Tabaka la chini liwe dari ya fito au matete, ikiwa imeachana na bati kwa sentimita 20 au zaidi, huku pande zote mbili zikiwa wazi ili hewa iliyopata moto kati ya tabaka hizo itoke yenyewe. Bati hubeba mvua, dari huzuia mnururisho wa joto, yaani lile joto linaloshuka kutoka kwenye bati bila kupitia hewa, na mtu aliyeketi chini huona fito badala ya bati. Wapo watakaosema kwamba bati linaharibu sura ya asili. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu zaidi kama bati lisingekuwa na faida ya pekee ambayo nyasi na udongo haviwezi kuitoa: maji. Paa la mita za mraba 24, katika mwaka wenye mvua ya milimita 500, hupokea lita 12,000, na hata moja ya tano ikipotea kwa kumwagika na kukauka, hubaki karibu lita 9,600. Tangi la plastiki la lita 5,000, lile ambalo watu huliita simtanki, likijaa mwishoni mwa masika, linaweza kutoa karibu lita 24 kila siku kwa siku 210 za ukame. Hayo si maji ya kunywesha umati, na yanahitaji kutibiwa kabla ya kunywewa, lakini yanatosha kunawa mikono na kumwagilia miche michache ya mikwaju iliyopandwa kando ya banda, ili miaka 20 baadaye miti ichukue kazi ya paa. Bomba lisivuje, kwa kuwa nyuki wa Dodoma hufuata maji wakati wa kiangazi, na banda lililovamiwa na nyuki halina mgeni.

Sasa mti wenyewe. Jibu la haraka la fundi seremala yeyote akiulizwa mti usioliwa na mchwa ni mpingo, na jibu hilo ni la kweli kuhusu mti lakini si sahihi kwa kazi hii. Mpingo hukua polepole mno, huhitaji miongo mingi kabla ya kufaa kuvunwa, una soko la ala za muziki na vinyago, na tangu mwaka 2017 jamii yote ya mimea uliomo imewekwa katika orodha ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vinavyohitaji ulinzi. Kuusimika ardhini ili kubeba bati ni ufujaji. Mninga nao una heshima yake katika milango na vitanda, na umevunwa kupita kiasi katika sehemu nyingi za nchi. Mbao za msindano kutoka Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali, zimenyooka na zinapatikana madukani, lakini zimesafiri zaidi ya kilomita 300 kutoka kusini, na bila dawa huliwa haraka. Mkaratusi hutoa nguzo ndefu ambazo hupasuka zikikaushwa juani.

Miti inayostahili kutazamwa upya ni ile ambayo watu wa Dodoma wameipanda wenyewe kwa miaka mingi na kuizoea kiasi cha kutoiona, hasa mjohoro na mwarobaini. Yote miwili huvumilia ukame, huchipua tena ikikatwa, na kiini cha mjohoro uliokomaa, yaani sehemu ya ndani yenye rangi nzito, ni kigumu na hustahimili wadudu kuliko sehemu ya nje yenye rangi nyepesi. Hapa fundi anapaswa kuwa mkali: nguzo changa ambayo karibu yote ni sehemu ya nje itabunguliwa hata kama jina la mti ni zuri. Mti ukatwe wakati wa kiangazi, gome litolewe, na magogo yapangwe juu ya mawe chini ya kivuli kwa miezi kadhaa yakauke polepole. Mzabuni mwenye mkataba wa siku 90 hawezi kufanya hivyo, na kwa sababu hiyo ununuzi wa mbao unapaswa kufanywa mwaka mmoja kabla ya ujenzi, jambo ambalo maofisa ugavi hawalipendi lakini linawezekana.

Fito za dari na za wavu wa magharibi zina chanzo kizuri zaidi. Mkoani Dodoma umeenea mpango wa Kisiki Hai, unaosimamiwa na asasi ya LEAD Foundation, ambao unawafundisha wakulima kuchagua machipukizi machache yenye nguvu juu ya kisiki cha mti uliokatwa, kuyapogolea mengine, kuyawekea alama yale yaliyochaguliwa na kuyalinda, hadi shamba lililokuwa tupu lirudi kuwa na miti bila mche hata mmoja kununuliwa. Machipukizi yanayopogolewa ni fito. Banda linalonunua fito hizo kwa bei ya haki linampa mkulima sababu ya pili ya kuendelea kulinda visiki vyake, na hili ni jambo ambalo mbao za dukani haziwezi kulifanya.

Mchwa anahitaji maelezo marefu kwa sababu ndiye aliyebomoa mabanda mengi kuliko mvua. Mchwa wa uwanda huu huishi ardhini na hupanda hadi kwenye mbao kwa kujenga njia ya udongo inayomkinga dhidi ya hewa kavu na sisimizi. Nguzo iliyofukiwa moja kwa moja inampa mlango usioonekana. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba hakuna mti unaogusa udongo. Kila nguzo isimame juu ya jiwe au msingi wa zege ulioinuka angalau sentimita 30 kutoka ardhini, ikishikwa na chuma kilichopachikwa katikati, na kati ya msingi na nguzo kuwekwe kipande cha bati kilichopinda chini pande zote. Bati hilo halimzuii mchwa kabisa, bali humlazimisha ajenge njia yake nje, mahali ambapo macho yanaiona na mkono unaweza kuivunja. Kinga yenyewe, kwa maana hiyo, ni mtu anayepita kila mwezi kukagua, na bila mtu huyo bati ni mapambo. Majani na takataka zisirundikwe chini ya benchi, na eneo la mita kadhaa kuzunguka banda lifyekwe kila Mei, kwa ajili ya mchwa na moto kwa pamoja.

Kuhusu dawa, barua hii inaomba vitu viwili vipigwe marufuku katika mkataba wa ujenzi. Cha kwanza ni oili chafu ya magari, ambayo mafundi wengi huipaka kwenye nguzo kwa kuwa inapatikana bure gereji: huchafua udongo na nguo za watu, na mvua chache huiosha. Cha pili ni mbao zilizotibiwa kwa mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki, zile za rangi ya kijani zinazoonekana kwenye nguzo za umeme. Dawa hiyo ina nguvu, lakini aseniki ni sumu, na nchini Marekani watengenezaji waliacha kuiuza kwa mbao za makazi mwishoni mwa mwaka 2003. Hatari yake katika kijiji ni kubwa kuliko katika mji, kwa sababu kipande cha mbao kilichobaki baada ya ujenzi hakitupwi. Huenda jikoni, na moshi wake huwa na sumu ileile. Kwa mbao zisizogusa ardhi na zilizo chini ya paa, chumvi za boroni, ambazo huyeyushwa katika maji na mbao zikalowekwa humo, zinatosha na hazina madhara makubwa kiasi hicho kwa binadamu, ingawa mvua huzitoa na ndiyo maana hazifai kwa mbao zilizo wazi.

Maungio yafungwe kwa bolti na nati badala ya misumari, na vipimo vya mbao viwe vichache na vya aina moja katika mabanda yote, ili ubao mmoja wa benchi ukivunjika ufunguliwe kwa spana na kubadilishwa asubuhi moja. Benchi ziwe na kimo cha sentimita 45, na katika kila banda moja iwe juu kidogo, yenye mgongo na mikono, kwa ajili ya wazee, ambao shida yao kubwa si kuketi bali kuinuka. Banda la kwanza, lililo karibu na mwanzo wa njia, lifikike kwa kiti cha magurudumu, kama inavyotarajiwa chini ya Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010.

Yote hayo yatakuwa bure kama swali la umiliki halitajibiwa. Wasafiri wa karne ya 19 waliovuka Ugogo kwa misafara ya pembe na watumwa waliacha maandishi mengi ya kulalamikia hongo, yaani malipo ambayo watemi wa Kigogo waliwatoza kabla ya kuwaruhusu kupita na kuteka maji. Malalamiko yao yanaeleweka, lakini upande wa pili wa jambo hilo haukuandikwa na wao: katika nchi kavu, maji na kivuli vina mwenyewe, na apitaye huchangia. Njia ya Haneti ikitoza kiingilio, sehemu ya fedha hiyo ibaki katika kijiji ambacho banda limesimama, katika akaunti inayosomwa hadharani kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, na itumike kwanza kumlipa mkaguzi na kununua mbao za akiba. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga hifadhi ya msitu katika ardhi yake na kuuvuna kwa mpango wa usimamizi. Vijiji vya Kilwa vilivyofuata njia hiyo, Kikole kikiwa kimojawapo, vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba mbao zimevunwa bila kuumaliza msitu. Haneti haina misitu ya Kilwa, lakini hekta chache za mijohoro zilizotengwa kwa ajili ya ukarabati wa mabanda zinahitaji utaratibu uleule wa kisheria, si zaidi.

Wafugaji washirikishwe tangu mwanzo. Mkoa huu unakumbuka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973, ambao mwaka 1979 uliondoa mifugo yote katika eneo lililomomonyoka la Kondoa lenye kilomita za mraba 1,256. Uoto ulirudi, na hilo ni la kusifiwa, lakini ng'ombe hawakutoweka. Walihamia kwenye ardhi za wengine pamoja na mzigo wao. Njia ya matembezi isizibe mapito ya mifugo, na pale inapokatana nayo kuwe na upana wa kutosha. Kuhusu mbuzi, hakuna usanifu unaoweza kuwazuia kulala kivulini, na afadhali sakafu iwe ya mawe yanayofagiliwa.

Mawili mengine yatajwe kwa ufupi. Haneti inajulikana kwa krisoprasi, jiwe la kijani linalopata rangi yake kutokana na nikeli, na vilima vyake vimevutia watafutaji wa madini. Kabla ya msingi wowote kuchimbwa, leseni zilizopo zikaguliwe Tume ya Madini, na mashimo ya zamani yaliyo karibu na njia yazungushiwe uzio. Pia, endapo pango au mwamba wenye michoro ya kale utakutwa, banda lisijengwe chini yake wala karibu nao. Michoro ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, imeonyesha jinsi vumbi, moshi na mikono ya wageni vinavyoharibu kile ambacho karne nyingi hazikukiharibu.

Halmashauri inaombwa isitangaze zabuni ya mabanda yote kwa pamoja. Lijengwe moja, na mafundi wa Kata ya Haneti, kwa mchoro ulio wazi kwa kila mtu, na liachwe lipite kiangazi kimoja na masika moja huku likikaguliwa kila mwezi na matokeo yakiandikwa: mchwa amepanda wapi, mbao zipi zimepasuka, maji yameingia kutoka upande gani, watu huketi wapi na huondoka saa ngapi. Wakala wa Huduma za Misitu unaombwa utoe ofisa wa kuwashauri mafundi katika uchaguzi na ukaushaji wa mbao, na Halmashauri za Vijiji zinaombwa zitenge shamba la miti ya ukarabati kabla ya nguzo ya kwanza kusimamishwa. Fedha za matengenezo ya miaka 10 ziandikwe katika bajeti ileile ya ujenzi, na kama hazipatikani, idadi ya mabanda ipunguzwe hadi zitakapotosha.